Makovu yaliyofufuka: kisa cha sakoidosisi iliyojitokeza kwenye majeraha ya zamani

Kabla sijaanza

Sakoidosisi ni ugonjwa ambao mwili unatengeneza granuloma, yaani vifundo vidogo vya seli za kinga, kwenye ngozi na viungo vingine. Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wenzangu tunaoona wagonjwa wa ngozi kila siku, na zaidi kwa wale walioko huko mbele yetu, yaani wanaomwona mgonjwa kwanza kabla hajafika kliniki ya ngozi. Jina, kazi, mahali na tarehe nimeviondoa, vitu viwili vitatu vidogo nimevibadilisha ili mhusika asitambulike, na mwenyewe aliridhia kisa chake kitumike kufundishia. Yaliyobaki ndo yalivyotokea, pamoja na pale tulipokosea sisi wenyewe.

Historia ya mgonjwa

Ni mama wa miaka 41. Hana kisukari, hana presha, havuti sigara, hajawahi kuugua kifua kikuu wala kukaa nyumba moja na mtu mwenye nacho. Alikuwa na makovu matatu ya maana mwilini. La kwanza lilikuwa goti la kulia, alianguka na baiskeli akiwa na miaka kama kumi, akachubuka vibaya kwenye kokoto, lile jeraha halikuoshwa vizuri likapona lenyewe. La pili lilikuwa kwenye nyusi ya kushoto, aligonga ukingo wa mlango akashonwa nyuzi nne, hiyo ni miaka 15 nyuma. La tatu mshono wa upasuaji wa uzazi, miaka minane. Makovu yote haya yalikuwa yametulia kabisa, bapa, ya kawaida, mwenyewe anasema alishayasahau.

Hili la kusahau nitalirudia mbele maana ndo penyewe.

Mambo yalivyofuatana

Goti ndo lilianza. Kovu lililokuwa bapa likaanza kuinuka taratibu, likawa gumu ukilishika, rangi ikageuka kahawia iliyoingia zambarau. Haliwashi, haliumi, halitoi maji. Akaenda kituo cha kwanza, wakaangalia, wakasema keloidi, yaani kovu linalokua kupita kiasi, akachomwa triamsinoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ndani ya kovu mara mbili kwa kuachana mwezi mmoja. Likapungua karibu nusu. Kila mtu akaridhika, na yeye akaridhika.

Baada ya miezi mitatu hivi nyusi nayo ikaanza. Safari hii kwa sababu ni usoni na kovu lilikuwa jekundu jekundu, akaenda kituo kingine ambako waliona ni maambukizi, akapewa antibayotiki ya siku saba, halikupungua, akapewa nyingine ya siku kumi, halikupungua. Nilipokuja kusoma karatasi zake nikakuta hakuna popote palipoandikwa kwamba kulikuwa na usaha, joto, au maumivu, kwa sababu havikuwepo.

Wakati huohuo mama alikuwa anachoka. Sio kuchoka kwa kazi, ni ule uchovu wa kuamka asubuhi umechoka tayari. Akapima damu, vitamini D ikaonekana iko chini, akaandikiwa vidonge vya dozi kubwa. Wiki chache baada ya hapo, pale kwenye mkunjo wa kiwiko walipomtoa damu pakatokea vinundu viwili vidogo vigumu, sawasawa kabisa na pale sindano ilipoingia.

Ndo akaja kwetu. Sentensi yake ya kwanza naikumbuka mpaka leo: "Daktari, makovu yangu yanafufuka." Katika karatasi zote alizobeba, na zilikuwa nyingi, hakuna mtu aliyekuwa ameandika hayo maneno au kitu kinachofanana nayo. Kovu la goti lilikuwa kwenye faili moja, la nyusi kwenye faili jingine, uchovu kwenye faili la tatu.

Tulichofanya na kwa nini

Nilimwomba avue, nikamkagua ngozi yote kuanzia kichwani, mpaka tundu za masikio na alama ya chanjo begani. Goti, nyusi na kiwiko vilikuwa na sura moja: kovu limevimba kwa kufuata umbo lake lilelile, halijatoka nje ya mipaka, ngozi ya juu ni laini, chini yake gumu. Mshono wa upasuaji wa uzazi ulikuwa bapa, haujaguswa. Nikabonyeza kovu la nyusi kwa kipande cha kioo kuona kama kutabaki ile rangi ya manjano kahawia inayoashiria granuloma. Kwenye ngozi nyeusi hii kitu haionekani vizuri na kwake haikuonekana, kwa hiyo sikuipa uzito upande wowote. Nikapima hisia kwenye kila kovu na nikashika mishipa ya fahamu ya kiwiko, ya shingoni na ya nyuma ya goti, kwa sababu ukoma nao unakuja na vidonda vya granuloma. Hisia zilikuwa sawa, mishipa haikuwa minene.

Halafu tukachukua kipande cha ngozi. Hapa ndo tulikosea mara ya kwanza. Tulichagua goti kwa sababu lilikuwa kubwa na mahali pake si pa kuonekana sana. Majibu yakarudi: granuloma, na ndani yake chembe zinazong'aa chini ya mwanga wa polaraizi, ule mwanga maalumu wa darubini. Hitimisho likaandikwa kwamba ni granuloma ya kitu kigeni. Ikaleta maana papo hapo, kokoto za baiskeli za miaka thelathini iliyopita, nani atabisha? Nilikuwa tayari nimeshaanza kuandika barua ya kumruhusu.

Aliyenisimamisha ni nesi wetu. Alikuwa anabadilisha bandeji ya goti, akauliza tu, "Sasa daktari, na kiwikoni nako kuna kokoto?"

Nikaichana ile barua. Tukachukua kipande cha pili, safari hii kwenye kinundu cha kiwiko, mahali ambapo hakijawahi kuingia kitu chochote zaidi ya sindano ya kutolea damu. Tukakigawa, nusu ikaenda patholojia na nusu ikaenda kuoteshwa kwa ajili ya bakteria, fangasi na vimelea vya kifua kikuu pamoja na ndugu zake. Ile nusu ya pili nasisitiza isiwekwe kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia vipande, maana ikishaingia humo hakuna kitakachoota. Naandika hivi kwa sababu nimeshaona ikiwekwa zaidi ya mara moja.

Majibu ya kiwiko: granuloma zilizojipanga vizuri, zimezungukwa na limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) chache tu, hakuna sehemu ya katikati iliyooza, hakuna chembe ya kitu kigeni. Rangi za kutafuta vimelea vya kifua kikuu hazikuonyesha kitu, za fangasi hazikuonyesha kitu. Tuliisubiri oteshaji wiki nane kamili, haikuota kitu.

Wakati tunasubiri hatukukaa bure. Sakoidosisi ni ugonjwa wa mwili mzima, ngozi inaguswa kwa takriban robo ya wagonjwa au zaidi kidogo, mapafu na tezi za kifuani zinaguswa kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo ukiiona kwenye ngozi kazi ndo kwanza imeanza. Eksirei ya kifua ilionyesha tezi zimevimba pande zote mbili kwenye mizizi ya mapafu, kwa ulinganifu, mapafu yenyewe safi. Kipimo cha nguvu ya mapafu kilikuwa kizuri. Umeme wa moyo ulikuwa kawaida, huu hatuuachi hata kama mgonjwa hana dalili yoyote kwa sababu sakoidosisi ya moyo inaweza kuua ghafla. Vipimo vya HIV, kaswende na kile cha damu cha kifua kikuu vyote havikuonyesha kitu. Kiwango cha kimeng'enya cha ACE, kipimo cha damu ambacho wengi hukitumia kuitafuta sakoidosisi, hatukukitegemea, kinaweza kuwa kawaida kwa mgonjwa mwenye sakoidosisi na kinaweza kupanda kwa magonjwa mengine.

Vitu viwili vilitushtua. Cha kwanza ni macho. Mama hakuwa na lalamiko lolote la macho, hayaumi, hayajawa mekundu, anaona vizuri, lakini mtaalamu wa macho alipomwangalia kwa taa yake akakuta seli za uvimbe ndani ya jicho la kulia. Uveaitisi ya kimyakimya. Cha pili ni kalsiamu ya damu, ilikuwa milimoli 2.81 kwa lita, wakati kwa kawaida haitakiwi kuvuka 2.6 hivi.

Hiyo kalsiamu tukairudia, ikawa ileile. Ndo nikamuuliza mama anatumia dawa gani, akatoa kwenye mkoba vile vidonge vya vitamini D.

Tukafanya maamuzi haya. Vitamini D ikasimamishwa siku ileile, na akaambiwa anywe maji ya kutosha na asijianike juani. Macho yakapewa matone ya steroidi chini ya usimamizi wa mtaalamu wa macho. Kovu la nyusi na vinundu vya kiwiko tukaanza na klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, usoni kwa muda mfupi tu na kwa kuangaliwa. Dawa ya mwili mzima tukachagua haidroksiklorokwini, dawa ya jamii ya zile za malaria, dozi isiyozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, baada ya macho kukaguliwa mpaka retina na umeme wa moyo kuonekana hauna shida. Sababu ya kuchagua hiyo na sio prednisoloni, steroidi ya vidonge, ni kwamba mapafu yake yalikuwa yanafanya kazi vizuri, tezi peke yake bila dalili mara nyingi zinasinyaa zenyewe na hazihitaji steroidi, na haidroksiklorokwini ina faida ya ziada kwamba inasaidia kushusha kalsiamu kwa wagonjwa wa namna hii. Methotreksati, dawa ya kushusha kinga, tuliiweka akiba.

Mama aliuliza kama kovu la usoni haliwezi kukatwa tu likaisha. Nilimwelewa, lilikuwa katikati ya uso wake. Nikamwambia, "Mama, huu ugonjwa unapenda kovu, na nikilikata nitakuwa nimeupa kovu jipya." Akakubali ila haikumfurahisha.

Matokeo

Kalsiamu ilishuka ikawa 2.5 ndani ya wiki sita. Uchovu haukuisha lakini ulipungua mpaka akaweza kufanya siku nzima bila kulala mchana. Jicho lilitulia baada ya miezi miwili, na bado anaonekana na mtaalamu wa macho. Vinundu vya kiwiko viliisha vikaacha alama ya kahawia. Nyusi ilichukua miezi mitano kulala na bado ukiishika unasikia ugumu kidogo. Eksirei ya mwaka mmoja ilionyesha tezi zimepungua.

Goti ndo halikwenda vizuri. Uvimbe umeisha ila pale palipochomwa triamsinoloni ngozi imekuwa nyembamba na nyeupe, doa kubwa linaloonekana kwa mbali. Hili linamuumiza kuliko yote mengine, kwa sababu mengine yanapona na hili lipo.

Uchambuzi

Nianze na lililokosewa na kila mtu, pamoja na mimi: kila kovu lilitibiwa kama vile liko peke yake duniani. Ukiangalia goti tu, keloidi ni wazo linalokuja haraka. Ukiangalia nyusi tu, maambukizi yanakuja haraka. Ila keloidi haisubiri miaka thelathini ndo ianze, kwa kawaida inaanza ndani ya miezi au mwaka hivi baada ya jeraha, inawasha, inauma, inavuka mipaka ya kovu na kuingia ngozi isiyo na kovu, na inapenda kifua, mabega na ndewe za masikio. Hapa kovu lilivimba ndani ya umbo lake, bila kuwasha, baada ya miongo mitatu. Swali la "kovu hili lina umri gani, na limebadilika lini" lingetosha kuiondoa keloidi mezani siku ya kwanza, na halihitaji kipimo chochote.

Lingine ni hili la sindano ya steroidi kufanya kazi. Goti liliposinyaa wote walichukulia kwamba utambuzi ni sahihi. Lakini triamsinoloni inasinyaza keloidi na inasinyaza granuloma ya sakoidosisi pia, kwa hiyo kule kusinyaa hakukusema chochote kuhusu ugonjwa ni upi. Kulitupa faraja tu, na faraja ile iligharimu karibu nusu mwaka ambao jicho lilikuwa linaungua kimya. Kibaya zaidi, kama lingekuwa kifua kikuu cha ngozi au fangasi ya ndani, ile steroidi ingeyalisha. Mi sasa hivi sichomi steroidi kwenye kovu la zamani lililobadilika kabla sijaona majibu ya kipande cha ngozi.

Halafu zile chembe za goti. Hapa nakaa kidogo kwa sababu nadhani ndo mtego wenyewe. Tulivyofundishwa, ukiona kitu kigeni ndani ya granuloma basi ni granuloma ya kitu kigeni, na faili linafungwa. Kumbe kwa wagonjwa wa sakoidosisi chembe za aina hii zinapatikana mara nyingi tu, hasa magotini na viwikoni, mahali tulipokuwa tunaanguka utotoni. Maelezo yanayokubalika ni kwamba chembe zimekaa pale miaka yote bila kusumbua, afu mwili wa mtu mwenye mwelekeo wa sakoidosisi unapoanza kutengeneza granuloma, zile chembe zinakuwa kama kiota cha kuanzia. Kwa hiyo chembe haziifuti sakoidosisi. Zinachosema ni kwamba utafute mahali pengine pasipo na chembe uthibitishe, na uangalie mwili mzima. Tungechukua kiwiko kwanza tungeokoa wiki tatu na tungemwepushia mama kidonda kimoja.

Watu wananiuliza kama vinundu vya kiwiko ni Koebner, ile hali iliyoelezwa na Heinrich Koebner miaka ya 1870 kwa wagonjwa wa soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba), kwamba ngozi isiyo na ugonjwa ikijeruhiwa ugonjwa unajitokeza palepale penye jeraha. Mi naona kwa mama huyu kuna njia mbili zimetembea pamoja. Kiwiko kinafanana na Koebner, jeraha jipya na ugonjwa umefuata ndani ya wiki chache. Goti na nyusi ni habari nyingine, hapo hakuna jeraha jipya, ni kovu kongwe lililopenyewa. Kwa matibabu hazitofautiani sana, ila kwa kumwelewa mgonjwa zinatofautiana, kwa sababu kovu kongwe likivimba bila kuguswa maana yake mara nyingi kuna kitu kinaendelea ndani, ugonjwa ndo unaanza au uliokuwa umelala unachachamaa. Sakoidosisi ya kwenye makovu inaweza kutangulia ile ya mapafu au macho, na kwa mama huyu ngozi ilitoa taarifa kabla jicho halijauma.

Kuhusu mshono wa uzazi uliobaki bapa, mwenzetu mmoja kwenye kikao alisema kama ni ugonjwa wa mwili mzima basi makovu yote yangevimba. Hapana. Kuvimba kwa baadhi na kuachwa kwa mengine ni kawaida kabisa, na mshono ulioshonwa katika chumba safi haufanani na goti lililojaa mchanga. Kovu lililotulia halithibitishi kitu.

Vitamini D naiweka kama kosa lenye nia njema. Seli za granuloma zina uwezo wa kuibadilisha vitamini D ya kawaida kuwa ile ya kazi, tena bila breki inayotumika kwenye figo. Matokeo yake ile ya kawaida inayopimwa kwenye damu inaonekana ndogo, wakati ile ya kazi iko juu na inavuta kalsiamu. Ukimwona mgonjwa amechoka, vitamini D iko chini, ukampa dozi kubwa, unakuwa umemwagia mafuta. Aliyempa hakujua habari ya makovu, kwa sababu lile lilikuwa faili la tatu. Kipimo cha kalsiamu kabla ya vidonge kingeonyesha.

Lililofanya kazi? Kumvua mgonjwa na kumkagua wote. Kugawa kipande cha ngozi na kusubiri oteshaji mpaka mwisho, kwa sababu granuloma isiyooza peke yake haitoshi kuita sakoidosisi, lazima maambukizi yaondolewe kwanza, na kumwanzishia mtu dawa za kushusha kinga kabla ya hapo ni hatari. Kumpeleka kwa mtaalamu wa macho hata bila lalamiko. Na nesi aliyeuliza swali lake bila kuogopa kwamba daktari ameshaamua.

Kumebaki jambo moja tunaloshughulika nalo mpaka sasa. Ufuatiliaji wa mama huyu unahitaji damu, ya kalsiamu, ya figo, ya ini, na kila sindano ni jeraha dogo kwa ngozi ambayo tumeshaona inavyoitikia. Tumekubaliana naye vipimo vyote vichukuliwe kwa mchomo mmoja, sindano nyembamba, mkono unaobadilishwa kila ziara, na sehemu iliyochomwa iandikwe kwenye kadi yake pamoja na tarehe. Kila akija tunaanza kwa kukagua pale palipochomwa mara ya mwisho. Michomo sita imeshapita tangu aanze dawa, na yote iko bapa.